Mawe ya jangwani: upepo unachonga wapi, na wapi tunausingizia

#1 Mchimbamawe (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu: jiwe jeupe lenye umbo la uyoga, shina jembamba, kichwa kipana, limesimama peke yake katikati ya uwanda. Chini yake wameandika kwamba upepo umelichonga kwa mamilioni ya miaka. Picha ni ya kweli, ni ya Jangwa Jeupe la Misri, kaskazini mwa oasisi ya Farafra. Maelezo yake ndiyo yaliyokatwa katikati. Kazi yangu ni miamba, na jambo hili linanikera kwa sababu hata shuleni wengi tulifundishwa hivyo hivyo: upepo ukavuma, uyoga ukatokea, tukafunga daftari.

Tuanze na mbebaji na mkataji. Upepo mtupu haukati jiwe. Unaweza kuvuma juu ya jabali zima karne na karne na usiliachie mkwaruzo. Anayekata ni mchanga, upepo unambeba tu. Mchanga wa majangwa mengi ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 mpaka 10. Madini yanayojenga mawe ya chokaa yana ugumu wa 3 tu. Chaki ya Farafra ni laini zaidi, unaikwaruza kwa ukucha. Kwa hiyo pale mkataji ni mgumu na anayekatwa ni laini, na nusu ya kisa ipo hapo.

Mchanga wenyewe unasafiri kwa namna tatu. Vumbi laini huinuka likaelea na linaweza kuvuka bahari, ila ni jepesi mno, likifika kwenye jiwe linapita pembeni pamoja na hewa. Chembe nene husukumwa zikatambaa ardhini. Zile za katikati, nyingi zikiwa na upana wa robo milimita hivi, huruka. Chembe inainuka, upepo unaidaka na kuisukuma mbele, inaanguka kwa mteremko mdogo, inagonga ardhi na kurusha wenzake, nao wanarusha wengine. Hizo zinazoruka ndizo zinazokata.

Aliyelipima jambo hili kwa makini ni Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza. Miaka ya 1920 na 1930 alizunguka Jangwa la Libya kwa magari ya Ford, kisha akarudi London akajenga handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ya kupulizia upepo kwa majaribio, na kupima mchanga ndani yake. Matokeo aliyachapisha 1941 na mpaka leo wataalamu wanayatumia. Alionyesha kwamba upepo ukishapita kasi ya kuinua mchanga, kiasi unachobeba hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, mchanga ni mara nane hivi. Maana yake siku chache za dhoruba kali zinafanya kazi kuliko miezi ya upepo wa kawaida. Mtu akikuambia "upepo wa pale ni wastani tu", muulize siku zake mbaya zikoje.

La mwisho kwa leo, na ndilo litakalotuongoza uzi mzima: mchanga hauruki juu sana. Kwenye ardhi ya mchanga sehemu kubwa hubaki chini ya goti. Kwenye ardhi ngumu ya mawe chembe hudunda zaidi, na chache hufika kimo cha mtu. Juu ya hapo ni vumbi, na vumbi halichongi majabali.

Kwa hiyo ukiona tundu au upinde uliotobolewa mita arobaini juu ya ardhi, halafu ukaambiwa ni kazi ya mchanga wa upepo, shika hapo kwanza. Nitaendelea.

#2 Mpita Njia

Mkuu nimekaa siti ya mbele kabisa. Swali moja. Umesema mchanga mwingi uko chini kabisa, karibu na ardhi. Basi mbona uyoga hauliwi pale pale unapogusa ardhi? Kwenye picha shina limekatwa juu kidogo ya ardhi, siyo kwenye kisigino.

#3 Mchimbamawe

Swali zuri mno, na limewahi kujibiwa kwa majaribio porini.

Chini kabisa chembe ni nyingi lakini zinakwenda taratibu, kwa sababu ardhi inaupunguzia upepo kasi na ndipo chembe zinapoanza kuruka. Juu upepo una kasi, ila chembe zilizofika huko ni chache. Nguvu ya kukata inahitaji vyote viwili, wingi na kasi. Kilele chake kinakuwa katikati, kwenye kimo cha muundi wa mguu.

Robert Sharp, mwanajiolojia wa California, alichagua bonde la Coachella, mahali ambapo upepo unabanwa na milima na kutoka kwa hasira. Alisimamisha matofali, vipande vya plasta ngumu na fimbo za plastiki, akaviacha vipigwe kwa miaka zaidi ya kumi, akipima. Kwenye fimbo yake palipolika zaidi palikuwa karibu sentimita 23 juu ya ardhi. Alichapisha 1964. Ndiyo maana nguzo za mbao zilizosimikwa kwenye majangwa yenye mchanga huzungushiwa bati au mawe sehemu ya chini, vinginevyo zinakatika kwenye kimo hicho hicho.

#4 BintSur

Assalaam alaykum. Niko Oman, Sharqiya, nasoma kimya kimya ila hapa nimelazimika kuingia. Anachosema mwanzisha uzi ni kweli tupu. Tulikamatwa na dhoruba ya mchanga njiani kutoka Duqm. Tulipofika, bampa ya mbele na namba ya gari zilikuwa zimechubuka mpaka bati linaonekana, taa zimekuwa na ukungu kama zimesuguliwa. Bodi juu ya kimo cha kiuno haikuwa na kitu, vumbi tu.

Sasa naomba uniambie, kaka. Hapo Duqm kuna bustani ya mawe, yamekaa maumbo ya ajabu, mengine yamekatika kiunoni, mengine yana matundu matundu mpaka juu. Yale matundu ya juu nani kayatoboa kama mchanga haufiki?

#5 Mwalimu wa Jiografia

Naunga mkono swali la dada. Mimi nafundisha sekondari. Kwenye somo la kazi ya upepo, jiwe la uyoga ndilo mfano wa kwanza kabisa, na mitihani inauliza. Sitaki kuwachanganya vijana. Je, vitabu vimekosea?

#6 Mchimbamawe

Wa alaykum salaam dada. Naomba nikujibu wewe na mwalimu kwa pamoja, maana jibu ni moja.

Mwalimu, vitabu havijakosea, vimeacha mtu nje ya picha. Mtu huyo ni chumvi, pamoja na maji kidogo.

Nenda Mji Mkongwe Zanzibar, au Lamu, utazame kuta za nyumba za matumbawe. Plasta inapukutika wapi? Juu karibu na dari? Hapana. Inapukutika chini, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni hivi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, yanabeba chumvi, yanafika kimo fulani yanakauka, chumvi inabaki na kuganda kuwa fuwele. Fuwele zinakua ndani ya vitundu vya jiwe na kulisukuma kutoka ndani. Mwaka baada ya mwaka jiwe linakuwa unga. Hakuna mchanga unaoruka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na bado ukuta unaliwa chini.

Jangwani ni hivyo hivyo. Watu wanadhani jangwa halina maji. Lina umande, mahali pengine lina ukungu, na lina unyevu ardhini ambao unavutwa juu na jua. Chini ya jiwe, upande wenye kivuli, unyevu hukaa muda mrefu zaidi. Hapo chumvi inafanya kazi yake, jiwe linalegea, chembe zinabanduka. Petra, mji wa kale wa Jordan, makaburi yaliyochongwa majabalini na wenyeji wake Wanabatea yameliwa vibaya sehemu za chini, na wataalamu waliochunguza wanaitaja chumvi mbele ya sababu nyingine.

Sasa upepo unaingia wapi? Unaingia mara mbili. Kwanza unafagia unga uliobanduka, usirundikane na kulifunika shina. Bila kufagiwa, shina lingezikwa na uchafu wake lenyewe na kazi ingesimama. Pili, pale penye mchanga mgumu na jiwe laini, unasugua kwenye kimo kile cha Sharp. Farafra vyote viwili vipo: chaki laini, upepo wa kaskazini unaotawala jangwa la magharibi la Misri, na mchanga wa kutosha. Juu ya shina limebaki tabaka gumu zaidi linalochelewa kulika, ndicho kichwa. Kwa hiyo uyoga wa Farafra upepo una haki ya kuusaini, lakini sahihi yake haiko peke yake. Misri imelihifadhi eneo hilo tangu 2002, na wanaokwenda waombwe sana wasipande juu ya mashina yale, chaki haisamehe.

Dada, yale matundu ya juu Duqm sasa unaweza kuyajibu mwenyewe. Uko pwani. Kuna chumvi ya bahari, na wakati wa kusi ukungu unaingia mpaka bara, hata uwanda wa Jiddat al-Harasis wanyama wanaishi kwa ukungu huo. Unyevu na chumvi vinafika kila kimo cha jiwe. Tundu likianza, ndani yake kuna kivuli, unyevu unakawia, chumvi inaongezeka, tundu linajichimba lenyewe. Upepo unapuliza unga nje.

#7 BintSur

Kusi! Nimefurahi umelitaja. Huku watu wazima waliotoka Unguja wanauita hivyo hivyo, vijana wanasema kharif.

#8 Mchimbamawe

Ni ule ule dada, na hili linanigusa sana. Upepo unaosukuma majahazi kutoka Mrima kwenda Arabuni unavuka ikweta, unapinda, unageuka kuwa wa kusini-magharibi, unalipiga pwani ya Oman kuanzia Juni mpaka Septemba. Mchanga wa Sharqiya umepangwa na upepo huo: matuta marefu yanakwenda kusini-kaskazini. Chini ya matuta hayo kuna mchanga wa zamani, wenye chembe nyingi za chokaa kutoka baharini, ulioshikamana ukawa jiwe. Upepo uliojenga matuta ya kale sasa unayakata yakiwa mawe.

#9 Nyanza

Wakuu mimi ni mtu wa Mwanza. Nimefundishwa tangu mtoto kwamba Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya mawe mengine ziwani, limewekwa vile na upepo na mawimbi. Na Isimila kule Iringa, zile nguzo ndefu za udongo mwekundu, nazo wanasema upepo. Tusaidie.

#10 Mchimbamawe

Mkuu, yote mawili upepo unasingiziwa.

Mawe ya Mwanza ni itale. Yalianza kutengana yakiwa bado chini ya ardhi. Itale ina nyufa zinazokatana kama gridi. Maji ya mvua yenye tindikali hafifu yaliingia kwenye nyufa hizo na kuozesha jiwe kutoka kwenye kona kuelekea ndani, mpaka zikabaki bonge za duara zikizungukwa na udongo laini. Udongo ukaoshwa, bonge zikabaki zimepandana. Ndiyo maana yanaonekana kama yamepangwa: yamebaki pale pale yalipokuwa, hakuna aliyeyapandisha. Kit Mikayi, yale mawe yaliyopandana ya Kisumu, ni habari hiyo hiyo.

Isimila ni maji. Mvua imekata matabaka laini ya ziwa la zamani, na pale palipokuwa na ugumu kidogo pakabaki nguzo. Tazama kuta zake: mifereji inashuka wima. Upepo hauchori mistari ya wima.

Hicho ndicho kipimo cha pili nilitaka kukileta, baada ya kile cha kimo. Maji yanafuata mteremko, yanachora kutoka juu kwenda chini. Mchanga wa upepo unachora mlalo, mikwaruzo na vijifereji vyote vinaelekea upande mmoja, bila kujali mteremko, hata kupanda. Jiwe likiwa na uso uliolainishwa unaong'aa upande mmoja tu, na upande wa pili liko vile lilivyozaliwa, hapo umekutana na upepo kweli. Mawe mengine madogo yanakatwa nyuso mbili au tatu zinazokutana kwenye ukingo mkali, kwa sababu upepo ulibadilika au jiwe liligeuka. Hata vipande vya kioo cha Jangwa la Libya, kioo cha asili chenye umri wa karibu miaka milioni 29, vimelainishwa hivyo. Kimoja kilichongwa kuwa mbawakawa kwenye pambo la kifuani la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale.

#11 Jabali la Tembo

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, jina langu nimelichukua AlUla, Saudia. Lile jiwe la tembo lina mita 52, mkonga mpaka ardhini. Kwa hesabu yako mkuu, upepo hauhusiki?

#12 Mchimbamawe

Karibu sana. Unahusika kwenye usafi na kwenye miguu. Umbo kubwa la tembo, ule upinde kati ya mkonga na mwili, limetokana na jiwe la mchanga lenye nyufa, kuoza kwa gundi inayoshika chembe zake, chumvi, mvua za nadra lakini kali, na vipande kuanguka kwa uzito wake. Kipande kikianguka, kinachobaki juu kinajishikilia kwa umbo la upinde, kwa sababu upinde ndio unaobeba uzito vizuri. Ukienda Ennedi, kaskazini-mashariki ya Chad, kuna upinde wa Aloba unaokaribia mita 120 kwa kimo. Mchanga hauruki mita 120.

Nasisitiza hili kwa sababu tukiupa upepo kila kitu, tunakosa kuona kazi yake halisi, ambayo ni kubwa kuliko uyoga wowote.

#13 Mpita Njia

Basi tupe hiyo kazi halisi mkuu. Tumejua ambacho upepo haukufanya.

#14 Mchimbamawe

Haya, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu jana.

Fungua ramani ya setilaiti, nenda kaskazini mwa Chad, eneo la Borkou, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi. Utaona ardhi imekwanguliwa kwa mistari sambamba, makumi ya kilomita, inapinda taratibu kuifuata njia ya upepo unaozunguka Tibesti. Kila mstari ni ukuta wa jiwe la mchanga, na kati ya kuta ni mfereji. Wataalamu wanaziita yardangi. Hakuna mto uliochora mistari ile. Ni upepo wa kaskazini-mashariki, umebanwa kati ya milima, umebeba mchanga, umepita njia moja muda mrefu mno.

Yardangi iliyokomaa inafanana na jahazi lililopinduliwa: mwisho mnene na mrefu unaukabili upepo, mkia unachongoka nyuma. Umbo hilo ndilo linalompa upepo kizuizi kidogo zaidi, na kwenye majaribio yardangi hukaribia urefu mara nne ya upana kisha uwiano huo unatulia.

Nenda Iran, jangwa la Lut, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2016. Kule ndiko kwenye yardangi kubwa zinazovutia kupita zote: kuta zinazofika mita 155 kwenda juu, zikienea zaidi ya kilomita 40. Utasema, mbona mita 155 na mchanga hauruki? Ni swali la haki. Kule jiwe si jabali, ni matope na chumvi ya ziwa la zamani. Mchanga unakata chini, ukuta unamomonyoka na kuporomoka wenyewe, mvua adimu zinaweka mifereji ubavuni, upepo unabeba mabaki. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unavuma kwa nguvu kubwa. Mifereji ndiyo inayochimbwa, kuta ni kilichosalia. Na mwaka 2005 setilaiti ilipima joto la uso wa ardhi hapo likafika nyuzi 70.7 za Selsiasi. Siyo joto la hewa, ni la ardhi yenyewe.

Kisha kuna kazi ambayo haina umbo la kupiga picha, nayo mimi naiona kubwa kuliko zote: kufagia. Bonde la Qattara, Misri, limeshuka mita 133 chini ya usawa wa bahari, lina zaidi ya kilomita za mraba 19,000. Hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini, mto hauwezi kupanda kutoka shimoni. Udongo ulitoka vipi? Chumvi ililegeza jiwe, upepo ukabeba unga nje, kidogo kidogo. Na unajua kinachousimamisha upepo usiendelee kuchimba? Maji. Ukifika kwenye maji ya ardhini, mchanga unalowa, unashikana, haubebeki tena. Ndiyo maana Siwa, Bahariya, Farafra, Dakhla na Kharga zote ziko mabondeni. Upepo ulishusha ardhi mpaka karibu na maji, na watu wakapata mahali pa kupanda mitende. Nikiitazama ramani ile huwa nakaa kimya. Maelfu ya miaka ya watu kuishi katikati ya Sahara yanatokana na shimo lililochimbwa na upepo likaishia kwenye maji.

#15 Nyanza

Mkuu hapo kwenye oasisi umenifungua macho kabisa. Hiyo sikuwahi kuisikia.

#16 Mchimbamawe

Ngoja nikuongezee moja ya Namibia, maana kufagia kuna matunda mengine.

Mto Orange ulishusha almasi baharini kutoka bara. Mawimbi na mikondo vikazipeleka kaskazini na kuzitupa ufukweni. Upepo mkali wa kusini ukachukua mchanga mwepesi ukaenda nao bara, almasi na changarawe nzito zikabaki. Mwaka 1908 Zacharias Lewala, kibarua wa reli karibu na Lüderitz, akiwa kwenye kazi ya kuondoa mchanga relini, aliokota jiwe linalong'aa akampa msimamizi wake, August Stauch. Stauch akawa tajiri. Lewala hakulipwa chochote kwa ugunduzi ule. Kusini zaidi, kwenye mabonde yaliyofagiwa na upepo, almasi zilikuwa juu ya ardhi, na ziko picha za vibarua wakitambaa kwa mstari wakiziokota kwa mkono. Pembeni yao kuna mawe yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, na yardangi pia. Upepo mmoja, kazi zote mbili.

#17 Samburu Juu

Mimi nimefanya kazi Loiyangalani, Marsabit. Upepo wa kule mnaufahamu, ndio umeweka mitambo 365 ya umeme, megawati 310. Ardhi imejaa mawe ya lava, meusi, yamebanana kama yamesakafiwa. Tuliambiwa upepo umepeperusha udongo wote mawe yakabaki. Na hilo nalo ni la kusingizia?

#18 Mchimbamawe

Nusu kwa nusu kaka. Upepo wa Turkana unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, kwa hiyo kufagia unafagia kweli. Lakini sakafu za mawe zina njia nyingine ya kutokea ambayo iko kinyume na tunavyodhani. Kwenye lava za Cima, California, watafiti walichimba chini ya sakafu kama hiyo wakakuta udongo laini usio na mawe. Vumbi lililetwa na upepo, likaingia kati ya mawe, likajikusanya chini yake, mawe yakabaki juu yakipandishwa taratibu kadiri vumbi lilivyoongezeka. Pale upepo ulileta, haukuchukua. Ukipata nafasi Loiyangalani, ng'oa jiwe moja utazame chini. Ukikuta unga laini wenye vitundu vya hewa, usio na kokoto, jibu unalo. Kisha urudishe jiwe lako, ile sakafu ndiyo inayoizuia ardhi kupeperushwa.

#19 Jabali la Tembo

Na Sphinx, lile sanamu kubwa la Misri lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu? Nimesoma kwamba wanasayansi wamethibitisha Sphinx ilichongwa na upepo.

#20 Mchimbamawe

Hawakuthibitisha hivyo. Farouk El-Baz, mwanajiolojia wa Misri aliyewafundisha wanaanga wa Apollo, wale waliokwenda Mwezini, kutazama miamba, alipendekeza kwamba huenda Wamisri walikuta yardangi yenye umbo la kukaribia simba, wakaimalizia. Mwaka 2023 kikundi cha Leif Ristroph wa Chuo Kikuu cha New York kilichukua bonge la udongo laini, wakaweka ndani yake kipande kigumu, wakalipitishia mkondo wa maji mfano wa upepo. Likatokea umbo la simba aliyelala, kipande kigumu kikiwa kichwa. Wameonyesha kwamba inawezekana. Sura, kilemba na makucha ni kazi ya patasi za watu, na kiwiliwili kinakaa ndani ya handaki lililochimbwa na watu kwa kutoa mawe ya ujenzi. Tusiwanyang'anye mafundi wa kale kazi yao.

#21 Mwalimu wa Jiografia

Nimeshanakili uzi wote. Wanafunzi watauliza: inachukua muda gani?

#22 Mchimbamawe

Inategemea jiwe, mwalimu. Kwenye ziwa kavu la Rogers, California, kuna yardangi ndogo za matope ambazo zimepimwa: upande unaokabili upepo umerudi nyuma kwa sentimita 2 hivi kwa mwaka, ubavuni nusu sentimita. Hiyo ni haraka sana, mtu anaishuhudia ndani ya maisha yake. Jiwe la mchanga la Borkou ni habari nyingine kabisa, hapo unahesabu kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Waambie pia kwamba kazi hii iko hata kwenye sayari ya Mars, na mgandamizo wa hewa ya kule haufiki hata asilimia moja ya ule wa hewa yetu. Gari la utafiti la Curiosity lilitua huko Agosti 2012 kwenye kreta ya Gale, shimo kubwa la duara, na kupiga picha za mawe yaliyokatwa na mchanga, nyuso zikielekea upande mmoja. Mlima ulio katikati ya kreta hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, waliupa jina la Mlima Sharp, kwa heshima ya Robert Sharp yule yule wa fimbo za Coachella.

#23 BintSur

Kaka, mwezi ujao tunapita tena Duqm na watoto. Niambie nipime nini, nikuletee.

#24 Mchimbamawe

Ubarikiwe dada. Beba futi ya fundi na dira. Chagua mawe yaliyosimama uwandani, mbali na wadi, yaani mabonde ya mito mikavu, ili maji yasituchanganye. Kwa kila jiwe pima kimo cha pale lilipokatika zaidi, kutoka ardhini. Pitisha kiganja pande zote: upande ulio laini unaelekea wapi kwa dira? Ukielekea kusini-magharibi, kusi ameshiriki. Ukikuta limeliwa sawa pande zote, na unga unatoka ukiligusa, chumvi imetangulia. Matundu ya juu tazama ndani yake kama kuna ukoko mweupe, gusa kwa ncha ya ulimi uone kama ni chumvi. Piga picha mtoto akiwa amesimama pembeni tupate kipimo, na uziweke hapa hapa uzini.